Jogoo wa Dhahabu

Mazungumzo yetu ya leo yanahusu sarafu ambayo hakuna mtu mwenye akili timamu atakayeitoa mfukoni kununulia mkate, ingawa kisheria ni fedha halali. Ilitolewa mwaka 1981 na Benki ya Watu wa China, ambayo ndiyo benki kuu ya nchi ile. Ni ya dhahabu, uzito wake gramu 8, imeandikwa yuan 250, na juu yake amesimama jogoo. Huyo jogoo alifungua mfululizo ambao haujakatika mpaka leo: kila mwaka mnyama mmoja, kwa kufuata duru ya miaka kumi na miwili ya kalenda ya Kichina.

Nimemchagua yeye miongoni mwa mamia ya sarafu zilizofuata kwa sababu habari yake inagusa jambo linaloniuma, nalo ni hili: nchi inapochukua kitu kilichozaliwa majumbani mwa watu wake ikakipiga chapa kwenye dhahabu, ni nani hasa anayetengenezewa?

Tuanze na wanyama wenyewe, maana hapa wengi huchanganya. Sisi tumezoea nyota za Punda, Ng'ombe, Mapacha, Kaa na wenzao, ambazo mtu hupewa kwa mwezi aliozaliwa, au kwa wale wanaofuata falaki ya kale, kwa hesabu ya herufi za jina lake na jina la mama yake. Wachina huhesabu kwa mwaka mzima. Wote waliozaliwa ndani ya mwaka mmoja wana mnyama mmoja, na wanyama hao hupokezana kwa utaratibu usiobadilika: panya, ng'ombe, chui milia, sungura, joka, nyoka, farasi, mbuzi, tumbili, jogoo, mbwa, na wa mwisho nguruwe. Watoto husimuliwa kwamba Mfalme wa Mbinguni aliwaita wanyama washindane kuvuka mto, na panya, mdogo kuliko wote, akadandia mgongo wa ng'ombe, wakakaribia ng'ambo akaruka mbele na kufika wa kwanza. Paka yeye hakupata nafasi kabisa, na ndiyo sababu, wanasema, hana suluhu na panya hadi leo. Wavietnamu, ambao nao wana duru hii, wamemweka paka mahali pa sungura.

Hesabu hii ni kongwe mno. Mwaka 1975 huko Shuihudi, katika jimbo la Hubei, wachimbuaji walifukua kaburi la ofisa mmoja wa dola ya Qin aliyezikwa zaidi ya miaka 200 kabla ya Kristo. Pamoja na mwili wake zilikutwa bapa za mianzi zilizoandikwa sheria na mambo ya utabiri, na ndani yake imo orodha ya wanyama inayofanana sana na ya leo. Inafanana, lakini haijatulia bado: nafasi ambayo sasa ni ya farasi ilikuwa ya kulungu. Hayo yananifurahisha. Yanaonyesha kwamba kitu tunachokiona leo kimekaa imara kwenye dhahabu kilipitia mikono ya watu wengi, wakakitengeneza kidogo kidogo mpaka kikakaa.

Juu ya wanyama kumi na wawili huongezwa asili tano: mti, moto, udongo, madini na maji. Ukivizungusha pamoja unapata duru kubwa ya miaka 60. Kwa hiyo farasi anayeanza tarehe 17 Februari 2026 ni Farasi wa Moto, na mwenzake wa mwisho alikuwa mwaka 1966. Asidhani mtu kwamba haya ni mapambo ya kalenda tu. Huko Japani, ambako pia duru hii hufuatwa, iliaminika kwamba msichana aliyezaliwa mwaka wa Farasi wa Moto atakuja kumletea mumewe balaa. Mwaka 1966 vizazi nchini humo vilishuka kwa takriban robo nzima kulinganisha na mwaka uliotangulia. Robo nzima, katika nchi yenye viwanda, hospitali na treni za mwendo kasi! Mwaka wa joka mambo hugeuka: Hong Kong, Taiwan na Singapore vizazi vimewahi kupanda, kwa kuwa wazazi hutamani mtoto wa joka.

Mtu anapoangukia tena mwaka wa mnyama wake, yaani akiwa na miaka 12, 24, 36 na kuendelea, Wachina huuhesabu mwaka huo kuwa wa hatari kwake. Huvaa chochote chekundu, mkanda, soksi, hata uzi kiunoni au mkononi, ili kujikinga. Mtoto mchanga naye, akitimiza mwezi mmoja, hufanyiwa karamu, na ndugu humletea zawadi, mara nyingi dhahabu. Bibi atakayempa mjukuu wake sarafu ya mnyama wa mwaka wake ndani ya kifuko chekundu anafanya mambo mawili kwa mkupuo: anamwekea akiba, na anamwandikia tarehe ya kuja kwake duniani kwenye madini yasiyopata kutu. Kwa maoni yangu, hapo ndipo sarafu hizi zinapopata maana. Mengine yote ni biashara iliyojengwa juu ya tendo hilo la bibi.

Sasa turudi kwa jogoo. Ili kuelewa ajabu yake, kumbuka China ilikuwa imetoka wapi. Katika Mapinduzi ya Utamaduni yaliyoanza mwaka 1966, vijana walihamasishwa kuyafagia mambo manne ya kale: fikra za kale, utamaduni wa kale, desturi za kale na mazoea ya kale. Wanyama wa miaka waliingia moja kwa moja kwenye fungu hilo, wakahesabiwa ushirikina. Mapema mwaka 1967 serikali iliifuta hata likizo ya mwaka mpya wa Kichina, sikukuu ambayo familia hukusanyika kuliko nyingine yoyote, na watu wakatakiwa waendelee na kazi na mapinduzi. Ilichukua zaidi ya miaka kumi likizo hiyo kurudi.

Kisha upepo ukabadilika. Mao, aliyekuwa kiongozi wa China, alifariki mwaka 1976, ambao, wanaokumbuka hawakosi kulitaja hili, ulikuwa mwaka wa joka. Mwishoni mwa 1978 mageuzi ya uchumi yakaanza. Tarehe 15 Februari 1980, siku moja kabla ya mwaka mpya, posta ya China ikatoa stempu ya tumbili mweusi aliyeketi kwenye uwanja mwekundu, kazi ya msanii Huang Yongyu. Bei yake ilikuwa fen 8, yaani senti nane za yuan, na kwa fen 8 mtu angeweza kutuma barua ya kawaida. Leo karatasi kamili ya stempu 80 za tumbili yule huuzwa mnadani kwa zaidi ya yuan milioni moja. Mwaka uliofuata ndipo akaja jogoo wa dhahabu. Mnyama aliyekuwa akisemwa kwa kunong'ona sasa anatolewa na benki kuu, na jina la Jamhuri limeandikwa juu ya sarafu ile ile.

Ungedhani Wachina walipanga foleni kumnunua. Hawakupanga, kwa sababu hakuwa kwa ajili yao. Tangu miaka ya mwanzo ya Jamhuri ya Watu, dhahabu ilikuwa mikononi mwa serikali, na mwananchi hakuruhusiwa kuinunua na kuiuza apendavyo. Maduka yalianza tena kuuza vito vya dhahabu mwaka 1982, na soko rasmi la dhahabu la Shanghai lilifunguliwa Oktoba 2002. Jogoo wa 1981, aliyetengenezwa kwa idadi ya takriban 5,000 tu, alikusudiwa hasa wanunuzi wa nje, ili alete fedha za kigeni ambazo nchi ilizihitaji sana kununulia mitambo. Mkulima aliyewahi kukemewa kwa kumtaja jogoo wa mwaka wake hakupata nafasi ya kumshika jogoo huyo alipogeuzwa dhahabu. Wanaokusanya sarafu hueleza habari hii kama fahari ya uchache. Mimi naiona kama deni.

Wala China haikuwa ya kwanza. Miaka mitano kabla, mwaka 1976, Hong Kong ilipokuwa bado koloni la Uingereza, ilitolewa sarafu ya dhahabu ya dola 1,000 ya Hong Kong yenye joka upande mmoja na sura ya Malkia Elizabeth wa Pili upande wa pili. Iliendelea kila mwaka mpaka sungura wa 1987, wanyama wote kumi na wawili wakatimia. Kila moja ilikuwa na uzito wa karibu gramu 16, karati 22. Zilitengenezwa na kiwanda cha sarafu cha kifalme cha Uingereza, kile kile kilichozoea kupiga pauni za dhahabu. Singapore nayo ilianza yake mwaka 1981, na jogoo vilevile. Yaani wanyama hawa waliingia kwenye dhahabu kupitia mlango wa pembeni, koloni, kabla nyumba yao haijawafungulia.

Niseme kidogo juu ya ufundi, kwa kuwa ndio uliofanya sarafu hizi zipendwe hata na watu wasiojali nyota wala miaka. Duru ya kwanza ya China, kuanzia jogoo wa 1981 hadi tumbili wa 1992, ilichukua picha kutoka kazi za wachoraji mashuhuri. Farasi wa mwaka 1990 ametokana na Xu Beihong, mchoraji ambaye farasi wake wanaokimbia kwa wino mweusi wanajulikana karibu kila nyumba ya Kichina. Fikirieni ugumu wake. Mchoro wa wino ni wepesi, brashi imepita mara moja na karatasi imeachwa wazi kuzunguka. Fundi wa sarafu hana wino. Anacho chuma kigumu cha kuchonga chapa, na anacho kina cha sehemu ndogo sana ya milimita. Wepesi ule wa brashi lazima autafute kwa kimo cha chuma: shingo ipande kidogo, singa zishuke, mguu wa nyuma upotee kwenye uwanja. Kisha uwanja hung'arishwa uwe kama kioo, na mwili wa mnyama hupewa ukungu ili mwanga usimrudie mtazamaji kwa nguvu moja. Kibapa cha dhahabu hugongwa zaidi ya mara moja kwa chapa ile ile ili kila unyoya ujae. Sarafu ya kununulia sokoni hugongwa mara moja tu na kutumbukizwa kapuni pamoja na nyingine, lakini hii hushikwa kwa glavu.

Baadaye China ilitoa maumbo mengine: sarafu zenye kingo za ua la mplamu, sarafu za umbo la kipepeo cha kujipepea, na hata za kilo nzima ya dhahabu zilizoandikwa yuan 10,000. Zipo pia zilizopakwa rangi. Hizo za rangi sizipendi, na sioni haya kusema. Dhahabu ina rangi yake tayari, na mchongaji aliyejua kazi yake hahitaji msaada wa wino wa mashine. Lakini zinauzika sana, hasa kama zawadi za watoto, na pengine mtoto ndiye mwenye haki ya kuamua.

Wageni nao hawakubaki nyuma. Kiwanda cha sarafu cha Perth, Australia Magharibi, kilichofunguliwa mwaka 1899 kuhudumia machimbo ya dhahabu ya eneo hilo, kilianza mfululizo wake mwaka 1996 kwa panya. Perth walielewa jambo moja ambalo Waingereza walilipuuza: mnunuzi wa Kichina anataka dhahabu tupu. Karati 22 ni desturi ya Uingereza, dhahabu iliyochanganywa na shaba ili isichubuke mfukoni. Perth wakatoa karati 24, usafi wa sehemu 9,999 katika 10,000, na kwa sarafu ya wakia moja wakaweka kikomo cha vipande 30,000 kwa mwaka. Uingereza yenyewe ilirudi kwenye uwanja huu mwaka 2014, mwaka wa farasi, kwa kumtumia Wuon-Gean Ho, msanii Mwingereza mwenye asili ya Kichina, ambaye nyuma ya farasi wake aliweka Farasi Mweupe wa Uffington, yule aliyechorwa kwa chokaa kwenye kilima cha Uingereza miaka ipatayo 3,000 iliyopita. Hiyo naiheshimu. Badala ya kumwazima mnyama wa watu na kumuuza hivyo hivyo, alimtafutia ndugu yake mahali alipofika. Na kwa taarifa yenu, hata jina la Rwanda limo humu: kuna sarafu za fedha za wakia moja, zenye wanyama hawa hawa, zilizoandikwa faranga 50 za Rwanda, ambazo soko lake liko kwa wakusanyaji wa ng'ambo.

Sasa suala la pesa, maana najua kuna anayejiuliza kama anunue. Sarafu ya namna hii ina thamani tatu. Ya kwanza ni ile iliyoandikwa. Wakia moja ya Perth imeandikwa dola 100 za Australia, ilhali Oktoba 2025 wakia moja ya dhahabu ilipita dola 4,000 za Marekani. Ile ya Hong Kong ya dola 1,000, kwa bei hizo, ina dhahabu inayozidi mara kumi ya kilichoandikwa. Thamani hiyo ya kwanza basi ni heshima ya dola tu, inayosema kwamba hii ni sarafu na si kipande cha madini. Ya pili ni uzito wa dhahabu iliyomo, ambao sonara yeyote anaweza kuupima na kuukokotoa mbele yako. Ya tatu ni ile nyongeza juu ya dhahabu: uchache, ufundi, sanduku, cheti, na shauku ya watu mwaka huo. Hiyo ya tatu ndiyo inayowatajirisha wauzaji na kuwaumiza wanunuzi wapya. Mwaka wa joka unapokaribia nyongeza hupanda. Joka akishapita, nguruwe na panya huwa hawana washabiki wengi kiasi hicho, na aliyenunua kwa pupa hugundua kwamba duka lililomuuzia halitamrudishia nyongeza ile siku atakayorudi kuuza. Atapewa bei ya dhahabu, pengine chini kidogo.

Bandia nazo ni nyingi, hasa za miaka ya mwanzo ya China, kwa sababu jogoo wa 1981 huuzwa mbali sana juu ya dhahabu iliyomo. Kinga iliyo bora ni ya zamani: mizani na rula. Dhahabu safi ina uzito wa gramu 19.3 kwa kila sentimita ya ujazo, na metali za bei nafuu zinazoikaribia ni chache mno. Sarafu ya shaba iliyopakwa dhahabu, ikiwa na upana na unene sahihi, itakuwa nyepesi mno. Ikifikia uzito sahihi, itakuwa nene kupita kiasi. Tungsteni ndiyo hatari, kwani uzito wake unakaribiana sana na wa dhahabu, ila ni ngumu na haikubali chapa vizuri, kwa hiyo wadanganyifu huificha zaidi ndani ya vipande vikubwa. Kwa hiyo mwenye kutaka kumwekea mtoto akiba, ushauri wangu ni sarafu ndogo, ya kiwanda kinachojulikana, ya mwaka huu huu, inayouzwa kwa nyongeza ndogo. Aachane na mbio za uchache. Mtoto hazaliwi toleo la vipande 5,000.

Nimalizie na jambo lililo karibu nasi zaidi. Mwaka 1974 Tanzania ilitoa sarafu ya dhahabu ya shilingi 1,500 yenye duma, uzito zaidi ya gramu 33, dhahabu asilimia 90, katika mfululizo wa kimataifa wa kuhifadhi wanyamapori. Twiga na faru walipewa sarafu za fedha za shilingi 25 na 50. Ni kazi nzuri sana, na duma yule hana cha kumwonea haya jogoo wa China. Lakini naye alikwenda kwa wakusanyaji wa nje, na Mtanzania anayejua kwamba nchi yake iliwahi kupiga dhahabu yenye duma ni wa kutafutwa kwa tochi.

Hali ya leo ni tofauti. Dhahabu ya Geita inachimbwa kwa tani, Mwanza kuna kiwanda cha kusafishia, na tangu Oktoba 2024 wachimbaji wenye leseni wanatakiwa kutenga walau asilimia 20 ya dhahabu yao isafishwe na kuuzwa humu nchini, Benki Kuu ikiwa mnunuzi. Malighafi ipo, usafishaji upo, wanyama tunao, na mchongaji mwenye mkono mwepesi hawezi kukosekana katika nchi yenye Wamakonde. Ningependa kuiona sarafu ya gramu moja, ya karati 24, itolewayo kila mwaka na mnyama wake, ambayo mjomba au shangazi ataweza kuinunua kwa shilingi katika tawi la benki la wilayani mtoto anapozaliwa, kwa bei ya dhahabu ya siku hiyo na gharama ya chapa tu. Wakusanyaji wa London na Singapore wauziwe zitakazobaki.